Marikiti ya Darajani na Mfuko wa Mwalimu

Mtu atokaye katika kanisa kuu la Mkunazini, mjini Unguja, akielekea upande wa Ng'ambo, hufika Darajani kwa mwendo wa dakika chache. Jina hilo ni la daraja lililokuwapo zamani juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yamekwisha kufukiwa, wala daraja halipo tena. Jina tu limesalia. Hapo ndipo ilipojengwa marikiti kuu katika mwaka 1904. Sisi tulikaa mjini humo mwaka mzima wa 2018, waalimu wawili na watoto watatu, nayo marikiti hiyo ndiyo iliyotulisha.

Asubuhi palikuwa na mnada wa samaki. Dalali hupaza sauti, bei hupanda, na atoaye zaidi huchukua. Siku ya kwanza tuliposimama pale, mtoto wetu mkubwa alituuliza kama watu waliouzwa Mkunazini nao walinadiwa namna hiyo. Tukamjibu kwamba ndivyo. Soko lile la watumwa lilifungwa na Sultani Barghash katika mwezi wa Juni 1873, kwa mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Askofu Steere, aliyeusimamia ujenzi, amezikwa humo nyuma ya altare. Tangu siku ile hatukuweza kuisikia sauti ya dalali kwa moyo mwepesi, ijapokuwa alichokinadi ni changu na vibua tu.

Basi, na tuje kwenye kikapu. Fedha zetu za chakula zilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa watu watano. Mwenye fedha kama hizo akienda sokoni na chakula alichokwisha kukitamani nyumbani, atarudi na kikapu chepesi. Yampasa kwanza azunguke, aone ni kitu gani kilicho tele siku ile, ndipo aamue watu watakula nini. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba, ni maembe ya kila namna, boribo na dodo na mengineyo, na shokishoki nyekundu zenye nywele, na doriani, ambalo mmoja wetu hakulikubali harufu yake hata siku ya mwisho. Wakati wa kusi, Juni hata Agosti, ni machungwa na machenza. Sisi watu wa Muheza, tuliozoea kuona machungwa yakioza chini ya miti, tuliona haya kuyatolea fedha, lakini tulinunua. Viazi ulaya, karoti na vitunguu vingi hutoka bara kwa vyombo, basi mnunuzi hulipa na nauli ya bahari. Mchicha, kisamvu na majimbi ya mashamba ya kisiwani hayana nauli hiyo.

Kwa habari ya kitoweo, tulifundishwa na bibi mmoja jirani yetu. Alituambia, "Wanangu, kabla hamjashika kikapu, utazameni mwezi." Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa, na dagaa huifuata nuru, asubuhi yake dagaa ni wengi na rahisi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifai kitu, na dagaa hupungua. Walakini mwezi mpevu, kama vile mwezi mwandamo, huleta bamvua: maji hupwa mbali sana, na watu wa vijiji vya pwani, wanawake wengi miongoni mwao, huenda miambani na vijiti wakawatoa pweza mashimoni. Siku hizo pweza ni chakula cha maskini. Yakija maji mafu, katikati ya bamvua mbili, huadimika. Na kusi ikivuma kwa nguvu hata ngalawa hazitoki, basi hizo ndizo siku za kunde kwa tui.

Mwaka ule Ramadhani iliingia katikati ya Mei, mvua za masika zingaliko. Mihogo, majimbi, viazi vikuu na ndizi mbichi zilipanda bei, kwa kuwa kila nyumba ilitaka futari. Sisi tukaviacha vitu hivyo mwezi mzima, tukala wali na maharagwe. Haikuwa kwa ajili ya mfuko tu. Tuliona kwamba kila muhogo tunaouondoa sokoni mwezi ule, aliyefunga ndiye atakayeulipia zaidi. Naye bibi yule, asiyejua habari hiyo, alituletea sahani ya futari mara nyingi, nayo ni mihogo ile ile.

Katika kupatana bei hatukuwa na nia moja nyumbani. Mmoja wetu alisema senti iliyookolewa ni daftari la mtoto. Mwingine akasema mama aliyetoka shamba alfajiri na mafungu kumi ya mchicha, naye ana watoto. Mwisho tuliafikiana hivi: kwa mchuuzi aliyenunua mnadani tutashindana naye mpaka ashuke, maana yeye naye alishindana, kwa mama wa shamba tutauliza bei, na ikiwa ya haki tutalipa bila neno. Jambo la ajabu ni kwamba hao tusioshindana nao ndio waliotupa nyongeza.

Desemba, nyumba tatu za mtaa wetu tulichanga fedha, tukanunua mapakacha mawili ya maembe, kwa maana bei ya pakacha si bei ya fungu. Tukayagawa barazani: mabivu kwa watoto siku ya Krismasi, mabichi kwa achari. Hukatwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani siku mbili tatu, kisha hutiwa pilipili na ndimu. Chupa mbili tulirudi nazo Muheza, na ya pili ilidumu mpaka katikati ya Kwaresima.