Elfu Mbili Zile Zile

Miaka ya tisini, siku ya bajeti mwezi Juni ilikuwa siku ya kazi kwa jina tu. Ikifika alasiri, ofisi nzima ilikuwa imekwisha kuizunguka redio. Wavutaji walitaka kusikia bei ya sigara, wenye magari walingoja petroli, na sisi makarani wa mishahara tulikaa mbele kabisa, kalamu ya risasi mkononi. Tulingoja aya moja ambayo wengine waliipitishia mazungumzo: ile ya mafungu ya kodi ya mapato. Waziri wa Fedha kwa miaka kadhaa ya kipindi hicho alikuwa Musalia Mudavadi. Mafungu yakitangazwa kuwa yamepanuliwa na nafuu ya binafsi kuongezwa, tulitazamana, maana tulijua majedwali yote ya makato yataandikwa upya. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na tuliipenda.

Kwa asiyewahi kukaa meza ile, mambo yako hivi. Kodi ya mshahara nchini Kenya hutozwa kwa ngazi. Sehemu ya kwanza ya mshahara hukatwa asilimia 10, inayofuata hukatwa zaidi, hivyo hivyo hadi juu. Hesabu ikiisha, kila mfanyakazi hupunguziwa kiasi fulani, na hicho ndicho nafuu ya binafsi. Sasa bei za vitu zikipanda, mwajiri akakuongezea kidogo ili uweze kununua unga ule ule uliokuwa ukinunua mwaka jana, wewe hujatajirika hata kidogo. Lakini ile nyongeza imeangukia ngazi ya juu, na unakatwa kama mtu aliyepandishwa cheo. Njia ya kuzuia dhuluma hiyo ni moja: ngazi zenyewe zisogezwe kila mwaka kadiri ya mfumko wa bei.

Hatukuwa na sheria ya kulazimisha hivyo. Tulikuwa na ada, na ada ilitegemea moyo wa waziri na hali ya hazina. Hata hivyo ilifuatwa mara nyingi kiasi kwamba tuliizoea. Mwaka 2005 nafuu ya binafsi ilikuwa imepanda kutoka shilingi 1,056 kwa mwezi hadi 1,162. Fungu la kwanza likafika 10,164, na asilimia 30 ikaanzia juu ya 38,892. Nilizikariri tarakimu hizo, na sikujua kwamba ningekaa nazo kwa miaka kumi na miwili.

Maana hapo ndipo ziliposimama. Mwaka 2008 mfumko wa bei ulipita asilimia 25. Mwishoni mwa 2011 ulikaribia 20. Kufikia 2016 bei kwa jumla zilikuwa zimepanda zaidi ya mara mbili, na mafungu ya kodi yalikuwa yale yale ya 2005. Niliyaona hayo kwenye orodha ya mishahara mwezi baada ya mwezi. Mwanzoni waliokuwa wakiguswa na asilimia 30 walikuwa wakubwa wachache, watu wa kubishiwa hodi. Mwishoni walikuwamo dereva mkongwe, mwalimu wa miaka mingi na karani mwenzangu wa meza ya pili. Bunge halikupitisha ongezeko lolote la kodi juu yao, na hakuna aliyesimama jukwaani kulitetea. Lilikuja kwa kunyamaza, na kwangu hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu kodi inayotangazwa mtu anaweza kuipinga.

Mwaka 2017 mafungu yalipanuliwa kwa asilimia 10, na 2018 tena kwa asilimia 10. Kisha ikaja korona. Aprili 2020 fungu la kwanza likarushwa hadi shilingi 24,000, nafuu ikafika 2,400, na kiwango cha juu kikashushwa hadi asilimia 25. Nakiri wema wa hatua hiyo: mwenye mshahara wa 24,000 au chini yake hakukatwa tena kodi hii, na mpaka leo hakatwi. Lakini Januari 2021 asilimia 30 ilirudi, na safari hii ikaanzia juu ya 32,333. Tuseme hivi ili ieleweke. Mwaka 2005 mtu aliingia asilimia 30 akipita shilingi 38,892. Miaka kumi na sita baadaye, shilingi ikiwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, aliingia akipita 32,333. Mwaka 2025 ulipokwisha, mstari huo ulikuwa bado pale pale.

Akiba ya uzeeni nayo ina habari yake. Nilipoanza kazi, mstari wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwenye hati ya mshahara ulisoma 80, na baadaye ukasoma 200. Mpishi alikatwa 200, meneja alikatwa 200, na mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho kwa kila mmoja. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa haikuuma. Laiti ingeuma! Watu walifanya kazi maisha yao yote wakiweka kiasi ambacho kila mwaka kilinunua vitu vichache kuliko mwaka uliotangulia, wakadhani wana akiba. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi, na ilipoanza kufanya kazi Februari 2023 makato ya juu yakawa 1,080. Mwaka uliofuata yakafika 2,160, na 2025 yakawa 4,320. Vijana walipiga kelele, nami nawaelewa. Kitu kilichopaswa kupanda polepole kwa miaka ishirini kilipandishwa kwa miruko mitatu, tena katika miaka ambayo tozo ya nyumba na bima mpya ya afya zilikuwa zikiingia kwenye hati hiyo hiyo.

Sheria hiyo ina jambo moja ninalolisifu: kikomo chake cha juu cha mshahara unaokatwa kimefungwa kwenye wastani wa mapato ya taifa, si kwenye tarakimu iliyochongwa. Ila ukipiga hesabu ya vikomo vya miaka ile mitatu, 18,000, kisha 36,000, kisha 72,000, unaona ni nusu, mara moja na mara mbili ya wastani ule ule wa 36,000. Kamba imefungwa vizuri, lakini kwenye nguzo isiyosogea.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alistaafu utumishi wa umma kabla ya yote haya. Alikuwa na daftari la jalada jeusi. Upande wa kushoto aliandika pensheni iliyoingia, upande wa kulia bei ya sukari, mchele, mafuta ya taa na nauli ya kwenda mjini. Hakuandika kitu kingine. Mwaka 2005 serikali ilianza kuwaongezea wastaafu wake asilimia 3 kila baada ya miaka miwili, na alifurahi kweli. Aliniita nimsomee barua mara mbili, ingawa macho yake yalikuwa mazima.

"Wametukumbuka," aliniambia.

"Ni kweli, Ami. Lakini ni asilimia tatu kwa miaka miwili."

"Tatu si sifuri, mwanangu."

Sikumbishia, haikuwa adabu. Lakini mimi ni mtu wa hesabu na hesabu haikuniachia nafasi ya kulala. Chukua pensheni ya shilingi 10,000. Ipe asilimia 3 kila miaka miwili, mara kumi, kila nyongeza ikikaa juu ya mwenzake. Baada ya miaka ishirini una 13,439. Katika miaka hiyo hiyo ishirini bei zimepanda zaidi ya mara tatu. Kwenye kurasa za mwisho za daftari la Ami, upande wa kulia ulikuwa umefupika. Bei hazikuwa zimepungua, ila mafuta ya taa na nauli alikuwa ameviondoa.

Binti ya dada yangu anatunza wazee Minnesota. Aliniambia, "Mjomba, huku wazee wanangoja mwezi wa kumi kama tulivyokuwa tukingoja matokeo ya mtihani." Mwezi huo ndipo hutangazwa nyongeza ya malipo yao ya uzeeni ya mwaka unaofuata, ikihesabiwa moja kwa moja kutokana na kupanda kwa bei. Marekani ilianza utaratibu huo mwaka 1975. Kabla ya hapo kila nyongeza ilipitia Bunge lao. Mafungu yao ya kodi ya mapato yanasogezwa hivyo hivyo tangu 1985. Januari 2023, bei zilipokuwa zimewaka, wazee waliongezewa asilimia 8.7. Miaka ambayo bei hazikupanda, kama 2010, hawakupata kitu, na hiyo nayo ni haki. Hata huko lakini wamesahau mahali: kiwango cha mapato kinachofanya malipo ya mstaafu asiye na mwenza yaanze kutozwa kodi kiliwekwa dola 25,000 na sheria ya mwaka 1983, na hakijaguswa. Kila mwaka kinawanasa wazee ambao hakikukusudiwa kuwanasa. Kumbe tarakimu isiyowekewa mguu haitembei hata kwa tajiri.

Kinachoniuma zaidi ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee posho. Mwaka 2018 mpango huo ulifunguliwa kwa kila Mkenya aliyefika miaka 70 asiye na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kazi njema, na nilishangilia siku hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, paketi ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilikuwa ikiuzwa 90 kwa ruzuku ya serikali. Katikati ya 2022 paketi hiyo dukani ilipita 200. Wazee waliendelea kupokea 2,000. Jirani yangu, bibi wa miaka 70 na ushei, hupanga foleni kwa wakala na kitambulisho chake kwenye mfuko wa nailoni. Anasaini kwa kidole, anahesabiwa noti, na akitoka anakwenda moja kwa moja kulipa deni la duka alilokula kabla hazijafika.

Hesabu ya kumtendea haki haihitaji tume wala mtaalamu kutoka nje. Shirika la Taifa la Takwimu hutoa kiwango cha mfumko wa bei kila mwisho wa mwezi, nacho husomwa redioni. Muswada wa fedha hupelekwa bungeni kila mwaka. Kifungu kimoja ndani yake kingetosha kusema kwamba mafungu ya kodi, nafuu ya binafsi, pensheni na zile elfu mbili vitafuata kiwango hicho kila Julai mosi, waziri apende asipende. Nimewauliza wabunge wawili waliopita mtaani kwetu kuomba kura. Wote wawili waliahidi kuongeza pesa za wazee. Hakuna aliyekubali kuahidi kifungu.