Jibu Nililolifuta

Mwaka 1976, Serikali ilipoanza kuwafunza walimu wa UPE hukohuko vijijini, nilikuwa mkufunzi kijana hapa Mpanda, wakati huo mkoa wa Rukwa. Masomo yalikwenda kwa posta na redio. Sisi tulifuata kwa baiskeli. Mwalimu aliyekwama alinisubiri, pengine wiki tatu. Hata hivyo, kufikia 1984 nchi ilikuwa imepata kwa njia ile maelfu ya walimu.

Leo mpwa wangu, mwalimu huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, anasomea shahada Chuo Kikuu Huria, kile kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Yeye na wenzake wa Inyonga na Mpanda wana kundi la WhatsApp, nami wameniingiza humo kama mzee wao. Hupiga picha kurasa za vitabu, hutumiana sauti, hubishana hadi usiku wa manane. Mtandao ukikatika, hudhani mzee amesinzia!

Usiku mmoja akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Swali la tatu limenishinda, na kazi inatakiwa Ijumaa." Nikaandika jibu zima kwa kidole kimoja. Kabla ya kulituma nikawakumbuka wale walimu wangu: katika kungoja baiskeli walikosea, wakajisahihisha wenyewe. Nikalifuta. Nikamwuliza tu, "Wewe umeanzaje?"

Siku mbili kimya, hata salamu hakuna. Dada yangu akanipigia simu kunilaumu. Alhamisi usiku ikaingia picha ya daftari, limejaa maneno yaliyokatwakatwa: "Mjomba, aya ya pili sina hakika nayo."

Nikatafuta miwani.