Matembezi Yetu ya Kuona Picha

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano tunataka kuwaelezea matembezi yetu ya siku ya Posho. Tulikwenda kwa miguu, pamoja na Bwana Profesa wa historia, mpaka kwenye nyumba moja ndogo ya kuonyesha picha, hapa hapa Lubumbashi.

Tuseme kweli: wengi wetu tulipenda zaidi kubaki kucheza mupira. Tena katika njia tulimcheka mwenzetu mmoja, kwa sababu baba yake anaandikaka vibao vya maduka. Tulimwambia: "Leo tunaenda kuona kazi ya baba yako!" Wote tukacheka. Yeye akanyamaza.

Baba aliyetuongoza alianza na habari za Hangar, masomo ya kuchora ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa mjini mwaka 1946. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Mwenze alijaza picha zake na mistari mifupi mifupi, Pilipili alichora samaki na ndege, na Bela alipakaa rangi na vidole, bila burashi.

Kisha akatuuliza: "Batoto, munamujua Tshibumba?" Hakuna aliyejibu.

Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mchoraji wa Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauzisha nyumba kwa nyumba ili alishe jamaa yake. Miaka 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, picha 101. Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha kwenye universite hapa, alizinunua, akaandika pia maneno ambayo Tshibumba alisema juu ya kila picha. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari zake tena. Picha zile ziko Amsterdam.

Mmoja wetu akauliza: "Basi sisi tupande ndege juu ya kuona historia yetu?"

Baba akajibu: "Njo vile. Lakini mutu akipita ku mulango na picha ku mukono, ni nani anamuitaka mukubwa?"

Hapo tulimwangalia mwenzetu, na yeye akaangalia chini. Haya ikatushika.

Wakati wa kurudi tulimwomba msamaha. Akasema: "Haiko neno." Tukapita naye kwa baba yake, tukamkuta juu ya ngazi, anamaliza kibao cha fundi wa viatu. Chini, katika pembe, aliandika jina lake, herufi ndogo. Kila siku tunapita mbele ya kazi zake, na hatukulisoma hata mara moja.

"Batoto, munatafuta kintu gani?" akatuuliza.

"Tunaangalia tu, baba."

Na ninyi wenzetu, kama kwenu kuna picha ya zamani ukutani, musiitupe. Muulize kwanza ni nani aliyeichora.