Kitufe Ambacho Kukhu Hakutaka Kubonyeza

Leo nina jambo dogo la DVD, msilidharau.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Bukhayo, karibu na mpaka wa Busia. Kukhu hasomi wala hana simu ya intaneti. Ana televisheni, deki na rimoti. Nikamtengenezea diski ya familia kwa DVDStyler, programu ya bure: harusi, ubatizo na mazishi ya babu. Kila kitufe cha menyu nikakiwekea kijipicha.

Kukhu akatazama harusi, kisha ubatizo. Akifika kitufe cha tatu, anarudi nyuma. Nikadhani rimoti imeharibika.

"Mjukuu wangu," akasema, "sanduku hilo silifungui."

Kumbe programu ilichukua fremu ya mwanzo ya video, na video ilianza na jeneza!

Dawa yake ni hii. Fungua video kwa VLC, simamisha unapopataka, bonyeza Shift+S, picha itahifadhiwa. Katika DVDStyler, fungua sifa za kitufe, uweke picha hiyo. Usikibandike ukingoni, maana televisheni za zamani hukata pembeni. Alama ya kitufe kilichochaguliwa ina rangi 4 tu kwa kanuni za DVD, hivyo tumia inayokolea, wazee waione.

Mimi nilichukua picha ya babu akicheka kwenye ile harusi. Jioni kukhu alikibonyeza mwenyewe, akatazama hadi mwisho.

Jaribuni kwanza kwenye diski ya RW, msipoteze pesa. Tuonane tena!