Waamuzi wanaohesabu mikono

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lakini mimi, mama wa mtoto mmoja nisiye na mume nyumbani, huambiwa kinyume chake kila mara: "Wewe ni shujaa, umemlea peke yako!" Juzi mwanangu, mwenye umri wa miaka tisa, alisikia sifa hiyo akaniuliza, "Na nyanya je?"

Ajabu ni kwamba jibu nililipata mbali sana, katika mashindano ya washangiliaji huko Marekani.

Msidhani hawa ni wasichana wa kutikisa mashada kando ya uwanja tu. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na aliyeianzisha alikuwa mwanamume, mwanafunzi Johnny Campbell. Leo ni mchezo kamili. Mwaka wa 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi muungano wake wa dunia. Wengi waliufahamu kupitia kipindi cha televisheni kiitwacho Cheer, kilichotoka mwaka wa 2020, kuhusu vijana wa Chuo cha Navarro, Texas. Walitoka jasho miezi na miezi kwa ajili ya onyesho la dakika 2 na sekunde 15.

Kilichonivutia zaidi ni unyanyuzi wa watu wawili. Mbebaji humshika msichana kiunoni, humrusha juu, kisha huzidaka nyayo zake viganjani na kunyoosha mikono. Msichana husimama wima huko juu, wakati mwingine kwa mguu mmoja. Karibu nao huwepo mlinzi, ambaye hambandui macho msichana huyo.

Hapo mwamuzi huanza kuhesabu mikono. Mlinzi akimsukuma msichana anapopanda, au akishika kifundo cha mguu ili kumtuliza, unyanyuzi huo huwa ni wa kusaidiwa. Mbebaji akimpandisha na kumshikilia peke yake, huo ni wa bila msaada, na kwa ugumu wake huweza kuzoa alama nyingi zaidi. Ni haki. Uzito wote umekalia jozi moja ya mikono, na bega likiyumba hakuna mwingine wa kulirekebisha.

Lakini mambo hayaishii hapo. Kwanza, waliosaidiwa hawafukuzwi uwanjani. Kazi yao hupewa alama zake, kwa jina lake halisi. Pili, ugumu una alama zake na ustadi una zake. Mbebaji anayenyanyua peke yake huku miguu ikitangatanga na mikono ikitetemeka hupoteza upande huu alichochuma upande ule. Msichana akianguka, alama hukatwa, na hata mifupa huweza kuvunjika. Kwa hiyo kocha mwenye busara hamwachi kijana anyanyue peke yake kwa ajili ya kujionyesha tu.

La tatu ndilo lililonigusa. Mlinzi akisimama karibu bila kugusa, unyanyuzi hubaki kuwa wa bila msaada. Tena kwa unyanyuzi wa hatari, sheria za usalama mara nyingi hutaka awepo. Naam, kufanya jambo peke yako si sawa na kuachwa peke yako.

Sasa nikijipima kwa kipimo hicho, niko wapi? Mama yangu alikaa nami mwaka mzima wa kwanza. Jirani humpokea mwanangu ninapochelewa kazini. Huo ni ulezi wa kusaidiwa, nami sioni haya kuutaja. Zipo pia siku ambazo hakuna anayenigusa. Homa ya usiku wa manane huwa yangu peke yangu, lakini najua jirani yuko ng'ambo ya ukuta. Nikikubali sifa ya "peke yako" bila kusema lolote, nitakuwa nimeifuta mikono ya mama yangu mbele ya mjukuu wake.

Basi, msomaji, ukimwona mzazi anayelea bila mwenzake, usikimbilie kumvisha taji la ushujaa. Sogea karibu, uweke mikono tayari. Huenda asikuhitaji leo. Hata hivyo atanyanyua kwa utulivu zaidi akijua upo.