Amini, halafu kata nywele?

Wasee, kuna neno moja dogo linalofukuza vijana kanisani: "na". Amini Yesu, na ukate hizo dredi. Amini Yesu, na uvae sketi ndefu. Amini Yesu, na kadi yako ya zaka isiwe na mapengo. Ukiuliza hiyo "na" imetoka wapi, unaambiwa una roho ya uasi.

Mimi hupiga kinanda. Kanisa moja, jina tuliache, lilinisimamisha kwa sababu ya nywele. Ilikuwa mwaka ule nilioacha chuo, karo imegoma kabisa. Hakuna aliyeniuliza kama bado naamini. Hakuna aliyeuliza kama nimekula. Waliuliza kinyozi nitaenda lini.

Sasa fungua Wagalatia. Paulo aliwaandikia watu wa Galatia, sehemu ambayo leo iko Uturuki. Hawakuwa Wayahudi, na walikuwa wameshaamini. Halafu wakaja walimu wengine na "na" yao: kuamini ni sawa, lakini lazima pia mtahiriwe. Paulo alikasirika vibaya sana. Kwake hiyo haikuwa nyongeza ndogo. Kama tohara ndiyo inakuingiza, basi Yesu alikufa bure.

Na si walimu peke yao. Kule Antiokia, Petro mwenyewe alikuwa anakula na watu wa mataifa bila shida. Walipofika watu kutoka Yerusalemu, akaanza kujitenga na meza. Hata Barnaba akamfuata. Paulo akamkabili Petro mbele ya wote. Unaona? Sheria iligeuzwa ua wa kuamua nani akae mezani na nani asimame nje.

Hoja ya Paulo ni kali, na unaweza kuihakiki mwenyewe. Abrahamu alihesabiwa haki kwa kuamini katika Mwanzo 15. Alitahiriwa katika Mwanzo 17, akiwa na miaka 99. Torati nayo, Paulo anasema, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Kwa hivyo imani ilitangulia. Huwezi kuchukua kitu kilichokuja baadaye ukakifanya tiketi ya mlangoni.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Kwani tuishi ovyo?" Tulia. Paulo haiti Torati mbaya. Anaifananisha na mlezi anayemshika mtoto mkono hadi akue. Na Yakobo, kwa kumtumia Abrahamu huyo huyo, anasema imani bila matendo imekufa. Mimi sioni kama wanapigana. Mwembe hauzai maembe ndio uwe mwembe. Unazaa kwa sababu ni mwembe. Paulo mwenyewe anasema kinachohesabika ni imani inayofanya kazi kwa upendo.

Na sasa angalia mifano ya Yakobo: kumvisha asiye na nguo, kumlisha mwenye njaa, kutompa tajiri kiti cha mbele huku maskini anaambiwa akae chini. Manze, hakuna dredi hapo. Matendo ambayo Biblia inayadai ni magumu kuliko kunyoa, na pengine ndio maana tunapenda kusimamia nywele. Nywele unaziona kutoka kwa madhabahu. Njaa ya mtu lazima umkaribie ndio uione.

Kwa hivyo swali kwa viongozi wa vijana: yule msichana aliyepata mimba akaacha kuja, mlimfuata nyumbani, ama mlimtoa tu kwa grupu ya WhatsApp?

Na wewe uliye nje kwa sababu ya "na" ya mtu, usingoje ruhusa. Soma Wagalatia mwenyewe. Ni sura 6 tu. Ukipanda matatu na jam ikuwe ile ya kawaida, unamaliza kabla ufike tao.