Zawadi za Krismasi na Jani la Isale

Desemba 2012, nikiwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari mjini Dar es Salaam, nilipanda basi la Moshi na mfuko wa zawadi: kitenge cha mama, shati la baba, viatu vya mdogo wangu. Wajua jinsi Wachagga tunavyorejea nyumbani mwezi huo. Kufika mikono mitupu ni aibu. Lakini zawadi zile nilizinunua kwa fedha ya ada.

Usiku wa mkesha baba alilijaribu shati, likamkaa vema, akacheka. Kisha akanieleza, bila kulalamika, kwamba ada ile ilitokana na ng'ombe wa maziwa. Zizini, kweli, alibaki ndama peke yake.

Siku ya Krismasi nyama ya mbuzi haikunipita kooni. Alfajiri ya tarehe 26 nilikata jani la isale ukingoni mwa kihamba, nikampelekea. Kwetu, aletewaye isale ni vigumu mno kukataa kusamehe.

Baba alilipokea, akanyamaza kitambo. Halafu akavua shati, akalikunja taratibu.

"Mwanangu, dukani watalipokea?"